Ukanda wa uhai: Sayari za nyota jirani na Jua

NYOTA iliyo karibu zaidi na Jua, Proxima Centauri, ina sayari iliyo katika umbali ambao maji yanaweza kubaki kimiminika juu ya uso wake. Wanaastronomia huuita umbali huo ukanda unaokalika.

Mkazi wa Kahe, mkoani Kilimanjaro, anaweza kuilewa dhana hiyo kwa kuutazama mlima. Kilele chenye mita 5,895 kina barafu, miteremko ina migomba na mibuni, na tambarare ina joto kali. Vivyo hivyo, sayari ikiikaribia mno nyota yake maji hugeuka mvuke. Ikiwa mbali mno, huganda.

Mahali pa ukanda hutegemea nguvu ya nyota. Proxima, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.2, ni nyota kibete nyekundu yenye mwanga hafifu. Ndiyo maana sayari yake, Proxima b, iliyotangazwa mwaka 2016, huizunguka kwa siku 11 tu na bado imo ukandani. Proxima haionekani kwa macho matupu, bali jirani yake, Alpha Centauri, huonekana kutoka Kahe upande wa kusini, usiku wa Mei na Juni, karibu na Msalaba wa Kusini.

Tanzania nayo ina jina angani. Mwaka 2019 nyota WASP-71, iliyo mbali zaidi sana, ilipewa jina la Mpingo, na sayari yake ikaitwa Tanzanite, kama kito cha Mererani. Hata hivyo, Tanzanite ni sayari ya gesi, kubwa kuliko Mshtarii, inayoizunguka nyota yake kwa siku tatu hivi. Joto lake haliruhusu maji.

Kuwa ukandani, hata hivyo, si uthibitisho wa uhai. Kahe hupata mvua chache, lakini hustawi kwa chemchemi zinazolishwa na maji ya mlimani. Mwinuko pekee hauelezi hali yake. Kwa sayari, jambo la kuamua ni angahewa. Milipuko ya mara kwa mara ya Proxima inaweza kuiondoa angahewa ya Proxima b, kama bado ipo.

Darubini ya James Webb inachunguza sayari saba za TRAPPIST-1, umbali wa miaka ya nuru 40 hivi. Vipimo vya mwaka 2023 havikuonyesha angahewa nzito kwenye sayari ya ndani kabisa. Zilizomo ukandani zinaendelea kuchunguzwa.