Mwunda Chombo

Msomaji, ukitoka Jego kwenda Vanga utaona mashua. Mwenye kuinunua husafiri tu. Aliyeiunda hujua kila ubao wake. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliwatolea watu kiini cha Linux. Mwaka 1999 Gerard Beekmans alitoa kitabu, Linux From Scratch, kinachomwongoza msomaji kuunda mfumo mzima mwenyewe kutoka maandishi ya asili ya programu, hatua kwa hatua. Gentoo 1.0 ikafuata mwaka 2002.

Usidhani lugha yako haiwezi: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Basi soma, unda, kisha waandikie wenzako.