Bima ya safari si lazima iwe bima ya meli

Mama mmoja wa Mji wa Kale aliniletea karatasi ya bima nimsomee. Mwanawe aliye Uingereza amemkatia tiketi ya siku saba kwenye meli ya kitalii, kuanzia Barcelona. "Bima ninayo," akaniambia, "ndiyo hii niliyoombea viza."

Viza ya Schengen hutaka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, inayofanya kazi katika nchi zote za Schengen. Hilo alilitimiza na viza ikatoka. Lakini bima ya namna hiyo imetungwa kwa mtu anayetembea nchi kavu, hospitali iko karibu na ndege hii ikimwacha ipo nyingine. Kampuni nyingi huitenga safari ya meli mpaka uilipie nyongeza.

Tofauti kubwa ni maradhi. Daktari wa melini ni wa kulipwa. Bili huandikwa kwenye hesabu ya chumba chako, nawe huilipa kabla ya kushuka, ndipo uje uidai kampuni ya bima. Jamaa zetu walioko Uingereza nao wajue kwamba kadi yao ya GHIC, inayowafaa katika hospitali za serikali Ulaya, haimlipi daktari huyo. Na ukiwa ni ugonjwa wa moyo au kiharusi, zahanati ya meli haitoshi. Mgonjwa huteremshwa bandari ya karibu, au huja helikopta kumchukua, na gharama yake yaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Zile yuro 30,000 zaweza kwisha kabla hajalazwa. Kwa hivyo bima ya meli huwa na kiwango kikubwa zaidi, na hutaja waziwazi kumtoa mgonjwa baharini.

Halafu meli haingoji mtu. Ndege ikichelewa Doha au Addis Ababa, utakuta imeshang'oa nanga. Bima ya kawaida huenda ikakupa pesa za chakula na kitanda. Ya meli hulipa nauli ya kukuwahisha bandari inayofuata. Mimi nilimwambia afike Barcelona siku moja kabla, bima iwepo isiwepo. Na kama meli itagusa Tunisia kisha irudi Ulaya, viza ya kuingia mara moja haimfai.

Kuna pia kufungiwa chumbani. Kutapika na kuhara huenea upesi melini, na daktari akikuamuru usitoke, bima nyingi za meli hulipa kiasi fulani kwa siku. Kuhusu magonjwa ya mlipuko, uliza kabla ya kulipa. Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama na watu 3,711 ndani, na zaidi ya 700 wakaambukizwa korona.

Katika karatasi ya mama, safari za meli zilikuwa kwenye orodha ya yasiyolipwa, ukurasa wa nyuma, kwa herufi ndogo. Tulipopiga simu aliambiwa anaweza kuongezewa, ila ataje maradhi aliyo nayo. Presha yake hakuiandika mara ya kwanza, akiogopa bei itapanda. Itapanda kweli. Lakini akilazwa, faili la daktari wake ndilo kampuni italiulizia kwanza, na presha iliyofichwa yatosha kumnyima malipo yote. Safari hii ameiandika.