Ufunguo wa Barua Pepe Yako Uko kwa Nani?

Hotmail ilizinduliwa tarehe 4 Julai 1996 huko California. Kabla yake, barua pepe ya watu wengi ilikuwa mali ya mwajiri, chuo, au kampuni iliyowauzia intaneti. Ukifutwa kazi, anwani nayo imeenda. Sabeer Bhatia na Jack Smith wakasema: fungua kwa kompyuta yoyote, bure. Ndiyo maana mtu wa Nairobi aliweza kuingia saiber, alipe kwa dakika, asome barua zake, kisha aende zake.

Tarehe 1 Aprili 2004 Gmail ikaja na gigabaiti nzima, wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2. Wengine walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Kumbe bure ilikuwa na bei: mashine zilipitia barua ili kuchagua matangazo ya kukuonyesha. Google ilitangaza kuacha hilo mwaka 2017.

Yahoo nayo ilivunjwa Agosti 2013. Akaunti zote, bilioni 3, ziliguswa. Ukubwa huo haukutangazwa hadi Oktoba 2017.

Lakini kisa cha kukaa nacho ni cha Lavabit. Ladar Levison aliianzisha Marekani mwaka 2004, akiahidi usiri. Mteja wake mmoja alikuwa Edward Snowden. Mwaka 2013 serikali ikadai ufunguo ambao ungefungua mawasiliano ya wateja wote, sio ya mmoja tu. Jamaa akauchapisha kwenye kurasa 11, kwa herufi ndogo ajabu zisizosomeka. Mahakama haikucheka: faini ya dola 5,000 kwa siku. Akautoa, halafu tarehe 8 Agosti akafunga huduma kabisa.

Levison alikuwa mwaminifu. Shida ni kwamba ufunguo alikuwa nao, na mwenye ufunguo anaweza kulazimishwa.

Proton, iliyoanza 2014 na watu waliokutana CERN, Uswisi, ilijaribu njia nyingine: barua zinafungwa kwa ufunguo ambao kampuni yenyewe haiwezi kuutumia bila paswodi yako. Hata hivyo, mwaka 2021 amri ya Uswisi iliilazimisha kurekodi anwani ya IP ya mwanaharakati aliyekuwa Ufaransa. Barua hazikufunguliwa, lakini alipatikana.

Sasa fikiria akaunti yako. Linki za kubadilisha paswodi za HELB, iTax na benki zinaingia humo. Mwenye kuiingia, anaingia kote. Kwa hivyo kabla hujachagua, uliza mambo matatu. Nani anaweza kusoma barua zangu? Kampuni inakula wapi kama silipi? Na ikivunjwa, nitaambiwa lini? Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa anayesimamia data saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Yahoo walichukua miaka.