Sinesthesia

Sinesthesia ni hali ambapo mlango mmoja wa fahamu huamsha mwingine bila mtu kutaka. Mwenye hali hiyo husoma herufi A iliyopigwa chapa kwa wino mweusi na papo hapo humjia wekundu; mwingine husikia tarumbeta akaona rangi, na wachache huonja ladha ya maneno wanayoyasikia. Si ugonjwa wala njozi: msomaji hujua fika kwamba wino ni mweusi.

Daktari Mjerumani Georg Sachs aliandika mwaka 1812 juu ya rangi alizozihusisha na herufi, tarakimu na sauti za muziki. Leo watafiti hupima hali hii kwa uthabiti wake: mhusika huulizwa rangi za herufi, kisha huulizwa tena bila kutarajia baada ya miezi kadhaa, na majibu yake hubadilika kidogo sana. Kipimo cha Julia Simner na wenzake, kilichochapishwa Uingereza mwaka 2006, kilikuta watu wapatao 4 katika kila 100 wana namna fulani ya sinesthesia.

Hali hii huandama koo, lakini kurithi peke yake hakutoshi kuieleza. Mwaka 2013 Nathan Witthoft na Jonathan Winawer walieleza habari za watu 11 ambao rangi za herufi zao zilifanana mno na za herufi za plastiki zenye sumaku, zile ambazo watoto wa Marekani hubandika kwenye friji. Damu ilileta mwelekeo; kichezeo kikaleta rangi zenyewe. Ushahidi huu una uzito mkubwa, kwani unaonyesha kuwa mtoto anayejifunza kusoma huhifadhi pamoja na herufi mambo ambayo mwalimu hakuyakusudia.

Hata wasio na sinesthesia huchanganya fahamu. Harry McGurk na John MacDonald walionyesha mwaka 1976 kwamba sauti "ba" ikiunganishwa na picha ya midomo inayotamka "ga", watu wengi husikia "da".

Katika sanaa, madai yanataka kupimwa. Mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen alieleza kwa kina rangi alizoziona katika mikusanyiko ya sauti. Alexander Scriabin naye aliandika sehemu ya taa za rangi katika "Prometheus" (1910), lakini rangi zake zinafuata mpangilio wa kinadharia wa funguo za muziki. Kwa hiyo Messiaen ni mfano ulio imara zaidi. Scriabin anabaki kuwa mbunifu aliyeuwaza muziki kwa rangi.