Baiskeli ya milimani

Baiskeli ya milimani ni baiskeli iliyoundwa kwa ajili ya njia za udongo, mawe na mizizi. Ina fremu imara, tairi pana zenye meno na gia nyepesi za kupandia. Ilianzia Marin County, California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walipokuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu na nzito. Joe Breeze, aliyeunda baiskeli yake mwaka 1977, hutajwa kuwa wa kwanza kutengeneza fremu mahususi kwa mchezo huo. Mashindano ya baiskeli hizi yaliingia Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996.

Aina zake hutofautiana hasa kwa kiasi shokapu zinavyobonyea. Baiskeli ya mbio za nyika hubonyea milimita 100 hadi 120. Ni nyepesi na hupanda vizuri. Ya kuteremkia tu hufikia 200, na kuipandisha kilima ni adhabu. Wengi hutoshelezwa na za katikati, za milimita 130 hadi 150 hivi. Shokapu ya nyuma husaidia gurudumu kushika ardhi penye mawe, lakini huongeza uzito, bei na kazi ya matengenezo. Gurudumu la inchi 29 huvuka vikwazo kwa urahisi, la 27.5 hukata kona upesi.

Kwa njia za vumbi kama za Hifadhi ya Hell's Gate, Kenya, inayoruhusu waendesha baiskeli, shokapu ya mbele pekee inatosha. Fremu isiyolingana na kimo cha mwendeshaji haifai, hata ikiwa ya bei ghali.