Ng'ambo, Duane na Magendo: Mkulima wa Swima na Kuvunjika kwa Miungano ya Biashara

Waandikao historia ya miungano ya biashara huanza kwa kawaida na mikataba, na mikataba hutiwa sahihi mbali na mashamba. Makala haya yanakusudia kuanzia Swima, katika teritwari ya Fizi, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Mkulima wa pwani hiyo hulima mihogo, mahindi, mpunga na karanga, hukamua mawese, na sehemu ya mavuno huiuza. Nchi yake inapotoka katika muungano wa biashara, au muungano unapokufa nchi ikiwa bado ndani yake, yeye hupoteza nini?

Ni vyema kukumbuka kwamba biashara ya ziwa iliitangulia mipaka. Chumvi ya Uvinza ilivushwa kwa mitumbwi, na Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 walipita njia ambazo wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wakizijua. Kiswahili chenyewe kilifika kwetu kwa njia hizo. Neno ng'ambo lataja upande wa pili wa maji tu. Halisemi kwamba aishiye huko ni wa taifa jingine. Forodha nayo, neno lenye asili ya Kiarabu, lilitaja kwanza mahali pa kuteremshia shehena. Lakini sisi wa Kongo twasema duane, neno tulilopewa na dola ya kikoloni, na duane haina kumbukumbu yoyote ya bandari. Ni mlango na mlinzi wake.

Mwaka 1885 Mkataba wa Berlin ulilitangaza bonde la Kongo, pamoja na ziwa letu, kuwa eneo la biashara huru. Uhuru huo ulikuwa wa makampuni ya Ulaya kuliko wa mkulima, na hatuna sababu ya kuusifu. Lililomgusa mkulima kwa karibu zaidi ni sheria ya mwaka 1925, ambayo kwayo Ubelgiji iliiunganisha Rwanda-Urundi na Kongo katika utawala mmoja. Uvira na Usumbura zilitumia faranga ile ile, na tangu mwanzo wa miaka ya 1950 zilikuwa chini ya benki kuu moja. Aliyepeleka unga wa mihogo Usumbura alirudi na fedha iliyokubaliwa Baraka.

Kuvunjika kwa kwanza kulikuja mwaka 1960, na jambo la kustaajabisha ni jinsi kulivyopita kimya. Macho yote yalielekezwa kwenye uhuru, kama ilivyostahili. Benki ya pamoja ilikufa. Rwanda na Burundi zikabaki na benki yao hadi mwaka 1964, ndipo kila moja ikajitegemea. Tangu hapo dumu la mawese likawa na bei mbili: ya mafuta yenyewe, na ya fedha yatakayolipwa. Mwenye kupata hasara katika ubadilishaji ni yule asiye na habari wala benki. Tarehe 25 Desemba 1979 serikali ya Zaire ilipozifuta noti za zaire tano na kumi na kutoa siku chache za kuzibadilisha, wanavijiji wengi walibaki na karatasi tupu. Ni rahisi kuelewa kwa nini faranga ya Burundi imependwa hata upande wetu wa ziwa.

Tarehe 20 Septemba 1976, mjini Gisenyi, Zaire, Rwanda na Burundi zilianzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu (CEPGL). Ilikuwa na benki ya maendeleo Goma na chuo cha utafiti wa kilimo Gitega, na mwaka 1985 ilipata mapatano juu ya kupita kwa watu na bidhaa. Kwa maoni yetu, faida yake kubwa kwa mkulima ilikuwa karatasi ya kusafiria isiyo pasipoti. Mwenye karatasi ni msafiri. Asiye nayo yumo mikononi mwa askari.

Jumuiya hiyo haikufutwa. Ililala mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, na jitihada za kuiamsha zilianza mwaka 2007. Katikati hapo, kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999, Burundi iliwekewa vikwazo na nchi jirani. Atakayesema kwamba umaskini wa Fizi ulitokana na usingizi huo atakuwa amezidisha. Vita vya Oktoba 1996 viliwahamisha watu wenyewe. Wengi walivukia Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule ule. Hata hivyo, palipokuwa na mavuno ya kuuza, mtumbwi ule ule, wenye dumu lile lile, ulibadilishwa jina: iliyokuwa biashara ikaitwa magendo.

Na magendo hayawaelemei wote sawasawa. Dhahabu ya Misisi hutiwa mfukoni. Muhogo ni mzito, bei yake ni ndogo, na ukiwa mbichi huoza upesi. Mwenye boti kubwa huweza kuzigawanya gharama za njiani juu ya shehena nzima. Mwenye madumu mawili hawezi, hivyo humwuzia mwenye boti pale ufukoni kwa bei atakayoambiwa. Katika bei hiyo, zaidi ya katika ushuru ulioandikwa, ndimo tunamoiona hasara ya kutoka katika muungano.

Mlango wazi nao huingiza washindani. Rumonge, upande wa Burundi, kuna michikichi mingi, na mchele wa Tanzania waweza kumnyima soko mlimaji wa mpunga wa Fizi. Wako watakaofurahia mlango kufungwa, angalau kwa msimu mmoja.

Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Taratibu za Jumuiya hiyo zina njia nyepesi kwa mchuuzi mwenye bidhaa zitokazo ndani ya Jumuiya, zisizozidi dola 2,000 kwa thamani: hati ya asili hupatikana mpakani penyewe. Bidhaa za nje hupimwa kwa orodha nyingine, ambamo mahindi hutozwa asilimia 50 na mchele asilimia 75, ingawa nchi moja moja hupewa ruhusa ya kupunguza. Kutekelezwa kwa taratibu hizo kwenye pwani yetu ni suala jingine. Lakini siku Kongo itakapotoka, gunia la mahindi la Swima litakalopandishwa botini kwenda Rumonge litahamia katika orodha hiyo ya pili.