Sahani za Tanga, Lebo ya Mombasa

Wiki ijayo mtihani wa historia, ila kichwani mwangu ni taarab tu. Vumilieni.

Siku hizi mshikaji wa Makorora akiwa na kompyuta, maiki na godoro la kuzibia dirisha, wimbo unatoka kabla ya magharibi. Wazee wetu je? Black Star ya Tanga ndio wanaosifiwa kwa kuitia taarab gitaa la umeme na besi, wakati Unguja bado jukwaa linajaa fidla. (Wazenji mnisamehe!) Walitunga na kufanya mazoezi hapahapa Tanga, lakini sahani zao, na sauti ya marehemu Shakila ndani yake, zilitolewa na Assanand wa Mombasa, wenye lebo ya Mzuri.

Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, hadi 1983. Huku kwetu kiwanda cha sahani hakuna. Kulikuwa na Redio Tanzania kule Dar, nayo ilirekodi ili irushe hewani, sio ikuuzie santuri. Kwa maoni yangu, hapo Tanga ilipoteza kingi kuliko tunavyokiri.

Mwaka 1989 GlobeStyle ya London ikatoa albamu ya Nyota, Black Star na Lucky Star pamoja. Yaani nyimbo za kwetu unazipata kwa Mzungu! Ila angalau zipo. Mshikaji wa Makorora kompyuta ikiungua, hata London hawana.

Mwenye bibi mwenye santuri ya Mzuri kabatini, asiitupe jamani. Anistue.